Somo jipya la historia halitatuandikia Kongwa

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa mwaka 2024, somo la Historia ya Tanzania na Maadili limepokewa kwa shangwe na watu ambao kwa kawaida hawakubaliani kwa lolote: wanasiasa wanaohimiza uzalendo, walimu waliochoka kufundisha habari za Bismarck kwa Kiingereza, na sisi wapenzi wa vitabu tunaouliza kila siku kwa nini mtoto wa Kilosa anayajua Mapinduzi ya Viwanda ya Uingereza lakini hajui pa kupata kitabu kimoja cha habari za Kilosa. Matarajio ni kwamba somo likishakuwa la lazima, tena kwa Kiswahili mpaka sekondari, historia za mahali zitaanza kuandikwa, kuchapishwa na kusomwa. Mimi sidhani. Kwa jinsi biashara ya vitabu ilivyo nchini, somo hili linaweza kumaliza miaka kumi bila kuzaa kitabu hata kimoja kinachoisimulia wilaya moja ipasavyo. Lawama si ya waandishi wala wasomaji. Vitabu vya historia na utamaduni wa mahali havijawahi kujilipia katika Afrika Mashariki. Kila kizazi kilikuwa na mlipaji wake, aliyeviagiza kwa sababu zake, na kizazi hiki hakina.

Chukua Usambara. Mwishoni mwa karne ya 19 Abdallah bin Hemedi, aliyewahi kuwatumikia watawala wa Kikilindi, aliandika kwa Kiswahili habari za ukoo huo: Mbegha alivyoingia milimani, himaya ilivyokua mpaka enzi za Kimweri ya Nyumbai, na warithi walivyoirarua baada ya kifo chake. Ni maandishi yasiyomsitiri mtu. Usaliti umo, biashara ya watumwa imo, na watawala wanauza raia wao wenyewe. Yalianza kuchapwa kwa sehemu na UMCA, misheni ya Kianglikana, kule Magila, kisha yakahaririwa na kutolewa kama kitabu kizima na East African Literature Bureau, shirika la serikali la uchapishaji, mwaka 1962. Hakuna mahali katika safari hiyo ambapo muuza vitabu alikaa akapiga hesabu ya faida. Wamisionari walikuwa na haja zao za Kiswahili na za kuwaelewa watu waliowahubiria. Bureau ilikuwa na haja za serikali. Kitabu kikapita katikati ya haja hizo, kikaokoka.

Bureau yenyewe, iliyoanzishwa mwaka 1948 kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika, ilitoa mfululizo mzima wa vitabu vya mila na masimulizi. Mathias Mnyampala anakumbukwa leo kwa ngonjera. Wachache wanajua kwamba mwaka 1954 Bureau ilimtolea kitabu cha historia, mila na desturi za Wagogo, kwa Kiswahili, kazi ya mwenyeji aliyekusanya simulizi za koo kabla wazee wake hawajaondoka nazo. Mwaka 1995 kitabu hicho kilitoka Marekani kwa tafsiri ya Kiingereza, kikiwa na utangulizi na maelezo ya mwanahistoria. Kwa hiyo mwanafunzi wa chuo kikuu huko Texas ana njia nyepesi ya kumfikia Mnyampala kuliko mwalimu wa Mpwapwa. Lakini tusiililie Bureau kupita kiasi. Mlipaji ndiye anayechagua sura ya kitabu. Waingereza waliotawala kupitia machifu walihitaji makabila yenye mipaka, majina na mila zinazohesabika, na vitabu vikaja vimepangwa hivyohivyo, kabila moja kitabu kimoja, kana kwamba hakuna aliyewahi kuoa kwa jirani au kuhamia ng'ambo ya mto.

Uhuru ulileta mlipaji mwingine na swali jingine. Uchifu ulifutwa mwaka 1963, na historia iliyotakiwa sasa ilikuwa ya taifa. East African Publishing House ya Nairobi ilianza mwaka 1965, Tanzania Publishing House (TPH) ya Dar es Salaam mwaka 1966, na kwa muda mfupi mambo yalikuwa mazuri ajabu. Bethwell Ogot alitoa historia yake ya Waluo wa kusini mwaka 1967, Isaria Kimambo historia ya kisiasa ya Wapare mwaka 1969. Kazi hizo mbili zililazimisha vyuo vikuu vya dunia kukubali kwamba simulizi za wazee ni ushahidi. Ila zilikuwa kwa Kiingereza. Mzee wa Usangi, huko Upare, aliyetoa simulizi hakuweza kusoma walichoandika juu yake, na mjukuu wake, aliyeweza, alihitaji kwanza kufika chuo kikuu. Mswada wa Aniceti Kitereza wa Ukerewe, alioumaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, ulisubiri mpaka mwaka 1980 ndipo TPH ikautoa kwa Kiswahili alichokitafsiri mwenyewe; mwaka uliofuata akafariki. Kwa sura ni riwaya, lakini ndani yake kilimo, uvuvi, tiba na ndoa za Wakerewe vimeelezwa kwa kina ambacho watafiti wengi wangekitamani. Wakati huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikwishavunjika, mwaka 1977, na Bureau ya pamoja ikavunjika nayo.

Kuna mfano unaoniuma zaidi ya huo. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walipelekwa kusini kukusanya kumbukumbu za Vita vya Majimaji kutoka kwa watu waliokuwa hai mwaka 1905, au waliosimuliwa na wazazi waliopigana. Kazi ile haiwezi kurudiwa, kwa sababu wasimulizi wote wamekufa. Matokeo yake yalirudufiwa mwaka 1969, yakafungwa, yakawekwa maktaba. Tangu hapo wanahistoria wa nje wameyachota, na kwa haki, maana ni hazina; mkusanyiko mkubwa wa utafiti mpya juu ya vita hivyo ulitolewa na Brill ya Leiden mwaka 2010, kwa bei ambayo maktaba ya shule ya Songea haiwezi hata kuiwaza. Waliouliza walikuwa Watanzania, waliojibu walikuwa Watanzania, na serikali ndiyo iliyokuwa ikigharamia chuo. Kilichokosekana ni hatua ya mwisho, ya kuhariri, kuweka ramani, kutafsiri, kuchapa na kusambaza. Hatua hiyo haikuwa na bajeti.

Ndipo tunafika kwenye shule, ambako watu wanategemea wokovu. Miaka ya 1990 serikali iliwaachia wachapishaji binafsi vitabu vya kiada. Mfumo ule ulikuwa na aibu zake: shule moja kitabu hiki, ya jirani kile, na makosa mengi kiasi kwamba mwaka 2013 malalamiko yalifika bungeni. Katikati ya muongo uliopita kazi ya kuandika vitabu vya kiada ikarudishwa Taasisi ya Elimu Tanzania (TET). Sitetei makosa yale, na kitabu cha TET leo kinapatikana hata mtandaoni bure, jambo jema. Lakini jambo moja halikuzungumzwa wakati ule na halizungumzwi sasa. Kwa mchapishaji wa Afrika Mashariki, kitabu cha shule ndicho kilichobeba vingine vyote. Henry Chakava, aliyeijenga East African Educational Publishers kule Nairobi, alijulikana duniani kwa kuthubutu kutoa fasihi ya Kigikuyu, na ujasiri huo ulikuwa na mgongo wa vitabu vya darasani. Faida ya kitabu cha hesabu ilimlipa mhariri wa kitabu cha mila. Ulipoondoka mkate huo kwa kampuni za Tanzania, havikuathirika vitabu vya shule peke yake. Mswada wa historia ya Pangani uliokuwa mezani kwa mhariri ulirudishwa kwa mwenyewe na barua ya adabu. Sasa tunasema somo jipya, ambalo kitabu chake kitaandikwa na taasisi moja kwa nchi nzima, litawanufaisha waandishi wa historia za mahali. Kwa mlango gani?

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme kazi ya mhariri, msomaji wa kitaalamu, mchora ramani na msanifu wa kurasa inagharimu shilingi milioni 6. Kwa kitabu cha kiada cha nakala 30,000, kila nakala inabeba shilingi 200 za gharama hiyo. Kwa kitabu cha historia ya Mafia kitakachouza nakala 300, kila moja inabeba 20,000 kabla hujanunua karatasi, hujamlipa mwandishi, hujampa muuza duka asilimia yake. Mwandishi ana njia mbili: aongeze bei mpaka watu wa Mafia wenyewe washindwe kukinunua, au afute kazi ya mhariri. Karibu wote wanafuta kazi ya mhariri.

Ndiyo maana siafikiani na wanaosema historia za mahali zinastawi kwa sababu mashine za kidijitali zinaweza kuchapa nakala 100 kwa siku moja. Ni kweli zinachapwa. Nimeketi kwenye uzinduzi kadhaa wa vitabu vya koo, vya jubilei za dayosisi, vya wazee waliostaafu siasa, penye hema, keki na mgeni rasmi anayenunua nakala ya kwanza kwa laki tano. Vimo ndani yake vitu ambavyo huvipati kwingine: orodha za wakuu wa vijiji, picha za arusi za miaka ya 1950, majina ya mito iliyokwishakauka. Lakini huwezi kutafuta jina maana hakuna faharasa, huwezi kujua habari fulani imetoka kwa nani, nakala haikupelekwa Maktaba Kuu ya Taifa, na nakala zilizochapwa zikiisha hakuna anayejua faili liko kwenye kompyuta ya nani. Na mlipaji, kama kawaida, amechagua sura. Familia inapolipa, babu hakuwahi kuuza mtu wala kukusanya kodi ya Wajerumani kwa kiboko. Abdallah bin Hemedi asingepata mfadhili kwenye hema lile.

Hoja inayotolewa haraka kuliko zote kupinga haya ni kwamba Watanzania hawasomi, basi hakuna haja ya kupoteza fedha. Hii ndiyo hoja dhaifu kuliko zote, na inashangaza inavyodumu. Kitabu cha Mohamed Said juu ya mwanasiasa Abdulwahid Sykes na siasa za Dar es Salaam kabla ya uhuru kilitoka London mwaka 1998, tafsiri yake ya Kiswahili ikatoka Nairobi mwaka 2002. Hakikutoka katika mji kinaouzungumzia. Hata hivyo kimebishaniwa mjini humo, kwa Kiswahili, kwa zaidi ya miaka 20: misikitini, magazetini, mitandaoni, na watu waliokisoma chote, waliosoma sura mbili, na waliosimuliwa tu. Unaweza kukubaliana na mwandishi au kumpinga, lakini huwezi kusema wasomaji hawajali nani aliishi mtaa gani Gerezani na nani alitoa nyumba ya mkutano. Watu husoma habari za mahali wanapopajua kwa sababu wana uwezo wa kumkosoa mwandishi. Kinachoonekana kama uvivu mara nyingi ni kukosa kitabu chenyewe kwenye duka lililo umbali wa nauli ya kawaida.

Hoja ya pili ina uzito, nami sitaipita haraka. Inasema historia za mahali zitaamsha ukabila. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 ambayo imeepuka mengi yaliyowakuta majirani ina haki ya kuogopa vitabu vinavyoanza na "sisi tulikuwa hapa kwanza". Hofu hiyo ndiyo iliyowafanya viongozi wa miaka ya 1960 kupendelea historia ya taifa, na sidhani walikosea wakati ule. Ila hoja inachanganya mambo mawili. Kupanga historia kwa makabila ni urithi wa mlipaji wa kikoloni. Si sharti la historia ya mahali. Mahali huwa pana watu wengi. Angalia Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, iliyo katika nchi ya Wagogo aliyoiandikia Mnyampala. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta ili wapande karanga kwenye maeneo makubwa mno, wakashindwa na ukame, udongo mgumu na papara yao wenyewe, na mpango ulipofutwa mwaka 1951 ulikuwa umemeza takriban pauni milioni 36. Vibarua walikuja kutoka pande nyingi, wengine hawakurudi kwao. Kisha kuanzia mwaka 1964 hapohapo Kongwa pakawa kambi ya wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wenzao. Mgogo, Mkaguru, mhandisi kutoka Uingereza, kijana kutoka Ovamboland ya Namibia, na mama wa kijijini aliyewauzia mboga, wote wamo katika historia moja ya wilaya moja. Wataalamu wameyaandika haya, sehemu kubwa kwa Kiingereza, katika majarida yanayolipiwa kwa dola. Anayefundisha Historia ya Tanzania na Maadili Kongwa atapata kuhusu mahali anaposimama kile ambacho kitabu cha nchi nzima kinaweza kumpa, yaani aya chache, maana kitabu hicho kina mikoa mingine ya kuitendea haki.

Neno "Maadili" lililoambatishwa kwenye jina la somo linanipa shaka nyingine. Historia ya kitaifa inaweza kuchaguliwa mashujaa na bado ikasomeka. Historia ya mahali haikubali usafi wa namna hiyo, kwa kuwa mjukuu wa akida, yule wakala wa utawala wa Wajerumani, na mjukuu wa aliyechapwa na akida wanakaa dawati moja. Mwandishi anayejua kwamba kitabu chake kitapimwa kwa mafunzo ya tabia njema ataanza kupunguza mwenyewe, kabla hata ya kuambiwa. Hilo halitokani na ubaya wa mtu yeyote pale TET. Ndivyo kazi ya kuagizwa ilivyo, na ndiyo sababu historia ya mahali inahitaji mlipaji asiyekuwa msahihishaji wa mtihani.

Mlipaji huyo anaweza kupatikana bila kubuni kitu kipya. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulitumia njia ya wazi: mchapishaji anapeleka mswada, ukikubaliwa mradi unanunua sehemu kubwa ya nakala za toleo la kwanza na kuzipeleka shuleni, na mchapishaji anabaki na nakala za kuuza sokoni. Waandishi na wachoraji kadhaa tunaowajua leo walipata kazi zao za kwanza humo. Norway imekuwa ikifanya jambo la aina hiyo tangu mwaka 1965, serikali ikinunua vitabu vipya kwa ajili ya maktaba za umma, kwa sababu iligundua kwamba lugha yenye wasemaji milioni chache haitabebwa na soko. Historia ya mahali kwa Kiswahili iko katika hali hiyohiyo: lugha ina wasemaji wengi, lakini kila kitabu kina wasomaji wa wilaya moja au mbili. Nakala 1,000 za uhakika, zikigawanywa kwa maktaba za mikoa, vyuo vya ualimu na sekondari za eneo husika, zinaishusha ile 20,000 ya mhariri mpaka 6,000, na hapo kitabu kinaanza kuuzika. Masharti yawe ya ufundi tu: kimesomwa na wataalamu wawili wasiojulikana kwa mwandishi, vyanzo vimetajwa, kina ramani na faharasa, nakala imewekwa Maktaba Kuu.

Wapo watakaosema mpango kama huo utageuka ulaji, kamati ikinunua vitabu vya jamaa zao. Utageuka, usipowekewa uzio. Ndiyo maana mchapishaji lazima abakiwe na nakala anazotakiwa kuziuza kwa jasho lake. Kitabu kibovu kitamlalia ghalani hata kama kamati ilimpenda. Ninachohofia zaidi ni kwamba mpango utaanza na kukosa miswada, kwa kuwa wanaoweza kuandika vizuri hawana sababu ya kuandika. Mhadhiri wa historia anapandishwa cheo kwa makala katika majarida ya kimataifa, na kitabu cha Kiswahili juu ya Nachingwea, kilichomchukua miaka minne, kinaweza kuhesabiwa chini ya makala ya kurasa 15 itakayosomwa na watu wachache nje ya nchi. Tasnifu za umahiri na uzamivu juu ya wilaya zetu zimejaa kwenye rafu za vyuo. Nyingi zinahitaji mhariri, si mtafiti mpya. Kanuni za vyeo zinaweza kubadilishwa na mabaraza ya vyuo bila kwenda bungeni na bila shilingi moja ya ziada.

TET tayari hukagua na kutoa ithibati kwa vitabu vya ziada, na hapo ndipo somo jipya lingeweza kweli kufanya kazi tunayoitarajia. Ithibati pekee haimlipi mtu. Ni ruhusa ya kuuza kwa shule ambazo hazina fedha ya kununua. Kama kila wilaya ingekuwa na angalau kitabu kimoja cha ziada cha historia yake, kilichonunuliwa kwa utaratibu unaoeleweka, mwalimu angekuwa na kitu cha kukibishania na wanafunzi wake, wazee wangekuwa na kitu cha kukirekebisha, na toleo la pili lingekuwa bora kuliko la kwanza. Wizara inayoagiza kitabu kimoja kwa shule zote za nchi inaweza kuagiza nakala 1,000 za kitabu cha Kongwa. Ikisema haiwezi, basi ieleze kama kinachoikwaza ni fedha au ni yaliyoandikwa ndani.